Leclerc: Kamanda Aliyeanzia Kufra



Ukurasa huu wa historia umezoea akina Salahuddin na Tariq bin Ziyad, na hiyo ni desturi njema. Safari hii nimemchagua Mfaransa, Mkatoliki mwenye msimamo mkali wa dini yake, kamanda wa vifaru ambaye ukoo wake ulijivunia mababu waliokwenda kwenye Vita vya Msalaba. Naomba msomaji anivumilie. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, iwe Bujumbura, Bukavu au Goma, jina la Jenerali Leclerc tulikutana nalo katika mstari mmoja wa kitabu: Agosti 1944, Divisheni ya Pili ya Vifaru, ukombozi wa Paris. Kisha mwalimu anafungua ukurasa unaofuata. Ninachotaka kusimulia ni kwamba njia iliyomfikisha Paris ilianzia Afrika, ikapita kwenye mji wa zawiya, na wengi wa walioianza pamoja naye hawakuruhusiwa kuimaliza.

Jina alilopewa na wazazi ni Philippe de Hauteclocque. Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1902 katika kijiji cha Belloy-Saint-Léonard, kaskazini mwa Ufaransa, katika nyumba ya makabaila wa zamani. Mwaka huohuo, mbali sana na hapo, huko Qiru katika nchi iitwayo leo Chad, alifariki Sayyid Muhammad al-Mahdi, mkuu wa Twarika ya Sanusiya, na kaburi lake likawa al-Taj katika oasisi ya Kufra. Nayataja majina haya mawili pamoja kwa sababu tutayakuta tena mahali pamoja.

Kijana wa kikabaila asiye na mali nyingi alikuwa na njia chache, na jeshi lilikuwa ya kwanza. Aliingia chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr mwaka 1922, akamaliza miaka miwili baadaye akiwa miongoni mwa wa kwanza, akaenda Saumur kujifunza uaskari wa farasi na huko akawa wa kwanza kabisa. Mwaka 1925 alimwoa Thérèse de Gargan. Walijaliwa watoto sita. Kazi ya kambini Ujerumani ilimchosha, akaomba apelekwe Morocco.

Hapa waandishi wa Kifaransa huwa wanapita upesi, wakisema tu kwamba kijana alikomaa Morocco. Tusipite upesi. Alifika mwaka 1926, mwaka uleule ambao Amir Abdulkarim al-Khattabi wa Rif alijisalimisha baada ya kupigwa na majeshi ya Ufaransa na Hispania kwa pamoja. Milima ya Atlas ilikuwa bado haijatii. Leclerc alitumikia katika kikosi cha farasi cha Spahi huko Taza, akafundisha katika chuo cha maofisa cha Meknes, kisha akaongoza goum, yaani kikosi cha askari wa Kimorocco chini ya ofisa wa Kifaransa. Mwaka 1933, akiwa tayari amerudi Ufaransa kuwa mkufunzi Saint-Cyr, alitumia likizo yake ya kiangazi kurudi Atlas kupigana, bila kuitwa. Alipata nishani. Waliokuwa upande wa pili wa bunduki yake walikuwa Waislamu wa Kiberiberi wakitetea vijiji vyao. Mtu huyu ambaye baadaye angeitwa mkombozi aliijifunza kazi yake katika vita vya kuwanyima wengine uhuru, na sioni sababu ya kulificha hilo, wala ya kuliacha lifunike yote yaliyofuata.

Miaka michache baadaye alianguka na farasi, mguu ukavunjika. Tangu hapo alitembea na mkongojo, na karibu kila picha yake ya vitani unamwona nao mkononi.

Mei 1940 jeshi la Ujerumani liliivunja Ufaransa kwa wiki chache. Leclerc alikuwa kapteni katika makao ya divisheni iliyozingirwa karibu na Lille. Aliomba ruhusa ya kujaribu kupenya, akakamatwa, akaponyoka. Akajiunga na kikosi kingine, akajeruhiwa kichwani, akakamatwa tena, akatoroka tena. Akavuka nchi kwa baiskeli na kwa njia nyingine alizozipata, akapita Hispania na Ureno, na tarehe 25 Julai alikuwa London mbele ya Jenerali de Gaulle. Serikali ya Marshal Pétain huko Vichy ilikuwa imekwisha kutia saini ya kusimamisha vita. Kuendelea kupigana kulikuwa uasi, na familia ya mwasi ilikuwa hatarini. Ndipo akajiita Leclerc, jina la kawaida kabisa la Kifaransa, ili mkewe na watoto wake sita wasijulikane.

De Gaulle wakati huo alikuwa na redio, ofisi na watu wachache. Hakuwa na ardhi. Ardhi ilikuwa Afrika.

Tarehe 26 Agosti 1940 Chad ilitangaza kumfuata de Gaulle, ikawa ya kwanza kati ya makoloni ya Kifaransa ya Afrika. Aliyelifanya hilo ni gavana wake, Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Guyana, mjukuu wa watumwa. Usiku uleule Leclerc alikuwa majini. Alikuwa ameondoka upande wa Kamerun uliotawaliwa na Waingereza akiwa na watu wasiozidi ishirini na kitu, ndani ya mitumbwi, kuelekea Douala. Cheo chake kilikuwa meja. Kwa kuwa kamanda wa jeshi la Douala alikuwa luteni kanali, Leclerc aliongeza tepe mabegani mwake akajifanya kanali, ili asilazimike kumpigia saluti mtu aliyekwenda kumwondoa. Asubuhi Douala ilikuwa mkononi mwake. De Gaulle alimwachia tepe zile. Novemba akaongoza mapigano ya Gabon, Wafaransa kwa Wafaransa, na nadhani ndiyo sehemu ya vita ambayo hata wapenzi wake hawapendi kuisimulia. Kisha, tarehe 2 Desemba, akafika Fort-Lamy, mji tunaouita leo N'Djamena.

Sasa tuiangalie ramani. Kaskazini ya Chad iko Libya, iliyokuwa koloni la Italia, mshirika wa Hitler. Kati ya ngome za Wafaransa na za Waitalia kulikuwa na jangwa tupu. Kufra iko umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Faya, mji wa mwisho wa maana kaskazini mwa Chad. Kwa msomaji Muislamu, Kufra si nukta tu ya kijeshi. Sayyid Muhammad al-Mahdi alihamishia huko makao ya Sanusiya mwaka 1895, na kutoka huko zawiya zilisambaa hadi Borkou na Wadai. Wafaransa waliwapiga Masanusi na kuwatoa Borkou mwaka 1913 chini ya Kanali Largeau, na Faya ikapewa jina lake, ikawa Faya-Largeau. Waitalia waliitwaa Kufra yenyewe Januari 1931, wakiwashambulia kwa ndege hata waliokuwa wakikimbia na wake na watoto jangwani. Mwezi Septemba mwaka huo walimnyonga Shehe Umar al-Mukhtar. Pale al-Taj, jirani na kaburi la al-Mahdi, wakajenga ngome.

Kwa hiyo msafara wa Leclerc uliondoka kwenye mji uliopewa jina la mtu aliyewapiga Masanusi, ukaenda kuizingira ngome ya watu wengine waliowapiga Masanusi, ndani ya mji wa Masanusi. Hakuna upande wowote kati ya hizo mbili uliowauliza wenyeji.

Msafara ulikuwa na watu wapatao 400, na karibu robo tatu yao walikuwa Waafrika. Wengi walikuwa askari wa miguu walioitwa kwa Kifaransa tirailleurs sénégalais, hata kama mtu hakuwahi kuiona Senegal. Katika hao wa Chad, wengi walitoka kusini, Wasara hasa. Walikuwepo pia askari wa vikosi vya kuhamahama, watu wa ngamia wa kaskazini, waliolijua jangwa kuliko ramani yoyote. Si wote walikuwa Waislamu, na makala hii haina haja ya kuwasilimisha baada ya kufa. Malori yalikuwa yamechoka, yakizama kwenye mchanga laini kiasi cha watu kushuka kila baada ya muda na kuyasukuma. Mchana jua, usiku baridi ya Januari ya Sahara. Waingereza wa kikosi cha doria ya jangwani waliotangulia walishambuliwa na Waitalia njiani, wakapoteza watu na magari.

Leclerc hakugeuka. Alikikabili kwanza kikosi cha Waitalia cha magari, akakifukuza kutoka kwenye oasisi. Ikabaki ngome. Alikuwa na mzinga mmoja wa milimita 75. Kwa siku kumi hivi mzinga ule ulifyatua makombora machache kila siku kutoka mbali, ukihamishwa huku na kule, na usiku doria zikazunguka ngome zikipiga risasi ili waliomo ndani wadhani wamezingirwa na jeshi kubwa. Waliomo ndani walikuwa na silaha na chakula. Idadi kubwa yao walikuwa askari wa Kilibya chini ya maofisa wa Italia, yaani Waafrika na Waislamu kwa upande huo pia. Tarehe 1 Machi 1941 bendera nyeupe ilipandishwa. Wajumbe wa Kiitalia walipoanza kubishana juu ya masharti, Leclerc aliingia nao kwenye gari, akaamuru liendeshwe moja kwa moja hadi ndani ya ngome, akayasema masharti yake papo hapo akiwa katikati ya maadui zake. Walikubali.

Kesho yake, mbele ya askari wake, aliapa pamoja nao kwamba hawataweka silaha chini mpaka bendera ya Ufaransa ipepee juu ya kanisa kuu la Strasbourg, mji wa Alsace ambao Hitler alikuwa ameutwaa na kuufanya wa Ujerumani. Ufikirie msimamo wa wale waliosimama kwenye mistari ile. Mtoto wa mkulima wa kando ya mto Logone, aliyefika jeshini pengine kwa kushurutishwa na chifu, akiapa juu ya mnara wa kanisa la mji ambao hajawahi kuusikia, akiwa amesimama hatua chache kutoka kaburi la walii. Kiapo kile kinafundishwa Ufaransa kama kiapo cha Leclerc. Mimi nakihesabu kuwa cha watu 400.

Mwaka uleule wa 1941, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, lilikuwa Ethiopia likipigana na Waitalia haohao, na Julai likapokea kujisalimisha kwao huko Saio. Nalitaja kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kongo, maana kumbukumbu yao imefukiwa chini ya mchanga uleule.

Mwaka 1942 vikosi vya Chad vilizishambulia ngome za Fezzan, na mwishoni mwa mwaka vikarudi kuitwaa Fezzan yote. Pamoja nao alirudi Ahmad Sayf al-Nasr, kiongozi wa kabila la Awlad Sulayman aliyekuwa mkimbizi Chad tangu Waitalia walipomfukuza. Wafaransa walimpa madaraka chini yao, na nchi wakaishika wenyewe mpaka uhuru wa Libya ulipokuja mwaka 1951. Januari 1943 Leclerc aliingia Tripoli na kukutana na Jenerali Montgomery wa Uingereza. Machi, huko Ksar Ghilane kusini mwa Tunisia, watu wake walistahimili shambulio la vifaru na ndege za Wajerumani. Kapteni aliyetoroka Lille kwa baiskeli alikuwa sasa jenerali.

Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Katikati ya mwaka 1943 Wamarekani walikubali kuwapa Wafaransa vifaru, malori na mizinga ya kuunda divisheni za kisasa. Kikosi cha Leclerc kikapelekwa Temara, karibu na Rabat, na tarehe 24 Agosti kikaitwa Divisheni ya Pili ya Vifaru. Kikosi cha askari wa miguu kilichotoka naye Chad kilikuwa kimebadilishiwa jina: maneno tirailleurs sénégalais yakaondolewa, neno Tchad likabaki. Na watu waliondolewa pamoja na maneno. Askari weusi waliotembea kutoka Chad hadi Tunisia walitolewa, wengine wakapelekwa kwenye vikosi vingine, wengine wakarudishwa kusini. Nafasi zao zikachukuliwa na Wafaransa waliotoroka kupitia Hispania, walowezi wa Afrika Kaskazini, na Wahispania waliokimbia utawala wa Franco.

Sababu zilizotolewa ni za kiufundi: vifaru vinataka madereva na mafundi waliosoma. Lakini Waafrika haohao ndio waliokuwa wameyavusha yale malori mabovu kilomita kwa kilomita. Ukweli mwingine uko kwenye nyaraka. Jeshi la Marekani lenyewe lilitenga weusi na weupe. Januari 1944 Walter Bedell Smith, mkuu wa watumishi wa Jenerali Eisenhower, aliandika kwamba ingefaa divisheni ya Kifaransa itakayoingia Paris iwe ya watu weupe, na kwamba ile ya Leclerc ndiyo pekee inayoweza kufanywa hivyo, kwa kuwa robo tu ya watu wake hawakuwa weupe. Divisheni nyingine zote za Kifaransa zilitegemea Waafrika, hasa wa Kaskazini, na ndizo zilizokuwa zikimwaga damu Italia wakati barua hiyo inaandikwa. BBC ilizitangaza nyaraka hizo mwaka 2009. Kabla ya hapo wengi tuliambiwa kwamba ilitokea tu.

Divisheni haikufanywa nyeupe kabisa. Wamorocco na Waalgeria walibaki, hasa katika kikosi cha upelelezi cha Spahi wa Morocco na katika mizinga. Lakini mtu wa Faya au wa Logone hakuwemo. Leclerc aliipokea divisheni kama ilivyoundwa, akaifundisha kwa ukali, akaipenda, na yenyewe ikampenda. Sifa zake za ukamanda hazina ubishi: alikuwa mbele, aliamua upesi, aliwachagua maofisa wadogo wenye ari na kuwaachia nafasi, na hakuwa na subira na amri ya kijinga hata ikitoka juu. Ujasiri huo wa kukaidi amri sijauona ukitumika kwa ajili ya askari wake wa Kufra.

Walishuka pwani ya Normandy tarehe 1 Agosti 1944, wiki nane baada ya uvamizi wenyewe. Tarehe 12 waliikomboa Alençon. Paris iliasi tarehe 19, na Wamarekani hawakutaka kuingia. Walitaka kuuzunguka mji na kusonga mbele, wasibebe mzigo wa kuwalisha mamilioni ya watu. Leclerc, aliyekuwa chini ya Jenerali Gerow wa Marekani, alituma kikosi kidogo kuelekea Paris bila kumwomba ruhusa. Gerow alikasirika. Siku iliyofuata Eisenhower alibadili mawazo na ruhusa ikatoka. Usiku wa tarehe 24 Kapteni Dronne alifika kwenye jumba la manispaa akiwa na kikosi kidogo ambacho wengi wao walikuwa Wahispania. Tarehe 25 Jenerali von Choltitz akajisalimisha kwa Leclerc.

Paris ile ilikuwa tayari na msikiti wake mkuu, uliofunguliwa mwaka 1926 kwa kumbukumbu ya Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika vita vya kwanza. Mnara wake hauko mbali na mitaa ambamo vifaru vilipita, ndani yake vijana waliorusha maua na kubusiwa na umati. Picha hizo tumeziona sote. Nitazameni tena siku moja mkiwa na nafasi, mtafuteni mtu mweusi.

Septemba, huko Dompaire, watu wa Leclerc waliteketeza makumi ya vifaru vya Kijerumani vilivyokuwa vizito na vipya kuliko vyao, kwa kushirikiana na ndege za Marekani. Wanaosomea mambo ya kijeshi hulisoma pigano lile hadi leo. Novemba akavuka milima ya Vosges kwa njia nyembamba ambazo Wajerumani hawakuzilinda kwa uzito, kwa kuwa hawakufikiri kwamba vifaru vingepita humo wakati wa mvua. Tarehe 23 Novemba safu zake ziliingia Strasbourg ghafla kiasi kwamba watu mitaani walikuwa katika shughuli zao za kawaida. Bendera ilipandishwa juu ya mnara wa kanisa na askari mmoja wa kile kikosi cha Spahi wa Morocco. Kiapo cha Kufra kikawa kimetimia, miaka mitatu na miezi minane baadaye.

Siku nane baada ya hapo, tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, askari wa Kiafrika waliorudi kutoka kifungo cha Wajerumani walidai malipo yao ya miaka minne. Jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi. Taarifa rasmi ya wakati ule ilitaja wafu 35. Wanahistoria wengi wanaiona ndogo mno. Leclerc hakuhusika kwa lolote, alikuwa Alsace. Naziweka tarehe hizi mbili kwenye ukurasa mmoja kwa sababu vitabu tulivyosomea viliziweka mbalimbali, kimoja kikiwa na picha ya mnara na kingine hakina kitu.

Mei 1945 divisheni ilifika Berchtesgaden, makazi ya Hitler mlimani. Karibu na hapo, Bad Reichenhall, mateka wapatao kumi na wawili, Wafaransa waliovaa sare za SS, waliletwa mbele ya Leclerc. Aliwakaripia kwa kuvaa nguo za Wajerumani. Mmoja akamjibu kwamba yeye naye amevaa za Wamarekani. Waliuawa na watu wa divisheni, bila kesi. Hata wanaomwadhimisha Leclerc hubaki wakihangaika na kisa hicho. Uadilifu tulioamrishwa hauchagui mateka.

Vita vya Ulaya vilipoisha alitaka kurudi Afrika. De Gaulle akampeleka Indochina. Tarehe 2 Septemba 1945 alitia saini kwa niaba ya Ufaransa kwenye meli Missouri, Japani ilipojisalimisha. Siku hiyohiyo, Hanoi, Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa Vietnam. Leclerc alitua Saigon Oktoba, na kwa miezi michache aliirudisha kusini mikononi mwa Ufaransa kwa mbinu zake za safu za haraka. Kisha akafanya jambo ambalo wanajeshi wenye ushindi hawalizoei: akaanza kutia shaka. Aliona kwamba safu ikishapita, kijiji kinarudi kwa wenyewe. Aliunga mkono makubaliano ya Machi 1946 na Ho Chi Minh, akaingia Hanoi kwa amani, akaishauri Paris itafute njia ya siasa. Mkubwa wake, Admirali d'Argenlieu, alimwona kama mtu aliyelegea. Leclerc akaomba kuondoka. Vita vilipolipuka mwezi Desemba serikali ilimrudisha kwa ukaguzi, naye akaandika tena kwamba nguvu peke yake haitatosha. Alipotakiwa achukue uongozi wa Indochina yote, alikataa. Vita viliendelea mpaka Dien Bien Phu mwaka 1954, na ndani ya mahandaki ya Dien Bien Phu walikuwemo Wamorocco na Waalgeria.

Nimejiuliza mara nyingi alijifunza wapi somo lile. Si Atlas mwaka 1933, maana pale alikwenda kwa hiari na kurudi na nishani. Nadhani ni miaka minne ya kuwa yeye mwenyewe mwasi mwenye nchi iliyokaliwa, akiishi kwa jina la kuazima, akijua watu wake wako chini ya bendera ya mgeni. Aliyepitia hayo akamtazama Mvietinamu mwenye bunduki mbovu, ilikuwa vigumu asijione. Na Waafrika je? Alikuwa sasa mkaguzi wa majeshi ya Afrika Kaskazini, eneo ambalo Mei 1945 lilikuwa limeona mauaji ya Sétif na Guelma. Kama somo la Hanoi lingefika Algiers, hatukupata nafasi ya kuliona.

Tarehe 28 Novemba 1947 ndege yake, aina ya B-25, iliondoka Oran kuelekea Colomb-Béchar. Kulikuwa na dhoruba ya mchanga. Ilianguka kando ya reli, karibu na mwisho wa safari, na wote waliokuwemo walikufa. Mwili mmoja ulizidi kwenye orodha ya abiria, na uvumi ukaanza ambao haujaisha hadi leo. Mimi naona mchanga ulitosha. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa Paris, katika jumba la Invalides, na mwaka 1952 akapewa cheo cha Marshal wa Ufaransa akiwa kaburini.

Wenzake wa Kufra walirudi vijijini. Kuanzia mwaka 1959 Ufaransa iligandisha pensheni za maaskari wa makoloni yaliyokuwa yakielekea uhuru, hivyo mzee wa Chad akawa anapokea sehemu ndogo tu ya alichopokea Mfaransa aliyekaa naye handaki moja. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo serikali ilipoamua kuzisawazisha pensheni za uaskari na za majeruhi. Kwa hesabu ya kawaida, aliyekuwa na miaka ishirini Kufra alikuwa na themanini na mitano.

Huko Douala sanamu ya Leclerc bado ina ugomvi; wanaharakati wameiangusha au kuiharibu zaidi ya mara moja, na ikarudishwa. Januari 2025 askari wa mwisho wa Ufaransa waliondoka N'Djamena. Kile kikosi kilichobakiza neno Tchad bado kipo, kambi yake iko Meyenheim, Alsace, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Strasbourg.